Tupeane uzoefu: mtoto wako alipochekwa mtandaoni, ulifanya nini?

Mama Wawili

Habari zenu wakuu. Humu huwa nasoma na kupita, ila leo naanzisha uzi maana kuna jambo limenikaa kooni.

Binti yangu ana miaka 13. Siku moja darasani mtu alimpiga picha akiwa katikati ya chafya: macho nusu, mdomo umekwenda upande. Sura ikakatwa, ikawa stika ya WhatsApp. Ikaingia grupu la darasa, ikahamia la darasa jingine, mwisho ikawa inatumwa na watoto ambao hata hawamjui. Kwao ni kikatuni tu cha kuchekesha.

Mimi nilikuwa gizani. Nilichoona ni simu kulazwa kifudifudi, ikitetemeka mtoto anashtuka, na haishiki. Nikajua ni mambo ya mvulana.

Namba ya siri ya simu yake ninayo, tulikubaliana hivyo tangu nampa, na yeye anajua. Nikafungua lile grupu. Stika iliniudhi, lakini kilichonimaliza ni yeye mwenyewe. Kila ikitumwa, anajibu kwa vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Vitatu, vitano. Saa nne usiku anacheka, saa tano kasorobo anacheka. Na saa hizo nakumbuka nilipita mlangoni kwake nikasikia anapenga kamasi, nikamuuliza kama ana mafua.

Basi nikafanya nilichodhani ndio ulinzi: nikachukua simu wiki tatu. Nyumba ikatulia, nikajipongeza. Kumbe shuleni anaazima ya mwenzake asome wanamsema nini. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mapema, alisema, "Nilijua utachukua simu." Na kweli nilichukua.

Wenzangu mlifanyaje? Hata mliyoyaharibu tuambieni, hasa hayo.

Baba Mkimya

Dada, niliyoyaharibu ninayo ya kutosha.

Kijana wangu walimpachika jina la mnyama kwa sababu ya meno. Nilipoona, sikumuuliza mtu. Nikashika simu yake, nikabonyeza kitufe cha sauti, nikawahubiria watoto wa watu kwa dakika mbili na nusu. Nikawaambia nawajua wazazi wao (siwajui), na kwamba nitafika shuleni kesho asubuhi.

Jioni sauti yangu ilikuwa imeshaongezwa kasi na kuwekewa mdundo. Pale niliposema "mnanijua mimi ni nani?" ndipo palipokuwa kiitikio. Sasa nasimulia nacheka, lakini kijana hakwenda shule siku mbili, na safari hii aibu ilikuwa yangu, niliyomletea mimi.

Kilichosaidia baadaye ni kumtafuta mzazi mmoja tu, wa yule mtoto aliyekuwa admini wa grupu, tukaongea pembeni bila kelele. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu lake, jambo ambalo mimi sikulijua. Alifuta, akawatoa wawili. Haikuisha siku hiyo, ila ilipungua.

Jiwe la Pembeni

Mnajitafutia wenyewe. Mtoto wa miaka 13 simu ya nini? Asipokuwa nayo hakuna wa kumtukana. Mjadala umeisha.

Shangazi Mdogo

@Jiwe la Pembeni ungekuwa umeisha ningefurahi. Mpwa wangu ninayeishi naye hana simu, hajawahi kuwa nayo. Wenzake walifungua grupu la kumsema yeye, lenye picha yake na jina lake limepindwa. Yeye peke yake darasa zima hakuwemo.

Alijuaje? Asubuhi anaingia darasani, watu wanaguna na kutazamana. Kila asubuhi anakuta kichekesho kimeshachekwa usiku, hakijui. Mwezi mzima alidhani ananuka. Alikuwa anaoga mara tatu kwa siku, nami nikawa namsifu kwa usafi.

Sikupingi kwamba umri una maana. Hata ile 13 tunayoiona kwenye mitandao mingi imetokana na sheria ya Marekani ya 1998 ya kulinda taarifa za watoto walio chini ya umri huo. Ilihusu taarifa zao kukusanywa na makampuni, haikutungwa na mtu aliyepima kwamba mtoto akifika hapo ameshakomaa. Ila kumnyima simu hakukumlinda wa kwangu hata kidogo.

Fundi wa Mtaa

Nichangie upande wa simu yenyewe, maana kazi yangu ndiyo hiyo na wazazi huniletea kifaa wakiwa wameshafuta kila kitu kwa hasira.

Ushahidi kwanza, kubloki baadaye. Piga skrinshoti inayoonyesha jina au namba, tarehe na saa, na ujumbe uliotangulia ili maana ionekane. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na ushei, kwa hiyo usiseme nitafanya wikendi. Snapchat humwarifu mwenzako ukipiga skrinshoti, na zile picha za kutazama mara moja za WhatsApp hazikubali kabisa. Hapo chukua simu ya pili upige kioo cha ile ya kwanza.

Mkiripoti mtu ndani ya WhatsApp, zinazopelekwa ni meseji zake tano za mwisho. Sasa watu husubiri, mtukanaji anatuma "mambo", "poa", "uko wapi", halafu ndipo wanaripoti. Wakaguzi wanaona salamu. Ripoti tusi likiwa bado bichi.

Kwenye faragha kuna sehemu ya nani anaweza kukuingiza kwenye makundi. Toa kila mtu, weka watu unaowajua. Instagram tangu 2019 ina namna ya kumwekea mtu mipaka bila kumbloki: maoni yake chini ya picha ya mtoto anayaona mwenyewe tu, wala haambiwi. Kwa vijana wanaoogopa kwamba kubloki kutawasha moto zaidi, hii ndiyo huwa nawapa.

Stika, Mama Wawili, ni kero kuliko picha. Hata ikifutwa kwenye grupu, aliyeiweka kwenye vipendwa vyake bado anayo. Sitakudanganya kwamba kuna kitufe cha kuimaliza.

La mwisho, na hili tafadhali msome polepole. Kama ni picha ya utupu ya mtoto, USIIPIGE skrinshoti, usiihifadhi, usimtumie mwalimu wala ndugu "aone". Nchi nyingi kuwa nayo tu ni kosa, hata kwa mzazi. Andika jina la akaunti, kiungo, tarehe na saa, peleka polisi. Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down ya kituo cha Marekani cha National Center for Missing & Exploited Children, ilizinduliwa 2023 na hupokea maombi kutoka nchi yoyote. Picha haitoki kwenye simu ilipo: inatengenezwa alama yake kama ya kidole, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok ili waitambue na kuiondoa. Kwenye mazungumzo yaliyofungwa kama ya WhatsApp haifiki.

Msomaji wa Usiku

Nimeandika hapa na kufuta mara mbili. Mimi ni mama wa mtoto wa upande wa pili, aliyekuwa akionea.

Mzazi mwenzangu alinipigia simu kwa heshima zote, nikamjibu "mwanangu hawezi." Nikakata. Usiku nikamwambia kijana alete simu. Akaunti tatu. Moja ina jina lake, mbili kwa jina la msichana ambaye mwanangu alikuwa akimtesa, zenye picha za binti huyo na maneno ambayo hakuyasema.

Nilitegemea kusikia ugomvi, labda walichukuliana kitu. Nikamuuliza, huyu mtoto alikukosea nini? Akafikiri kabisa, kwa dhati, kama mtu anayetafuta jibu. Akasema, "Hajanikosea. Walikuwa wanacheka tu." Idadi ya waliobonyeza moyo alikuwa anaijua kwa kichwa, kila posti.

Sikumpiga, ingawa nilitaka. Tulikaa hadi usiku mkubwa, kila posti anaisoma kwa sauti mbele yangu kabla ya kuifuta, baada ya mama wa binti kuchukua ushahidi wake. Ya tano sauti ikakatika. Kisha akaandika kule kule kwenye akaunti yake halisi kwamba zile mbili zilikuwa zake. Hilo ndilo lililomwuma, kuliko kuomba radhi chumbani ambako hakuna anayemwona.

Na yule mama nilimpigia mimi safari hii.

Mwalimu wa Zamu

Umefanya jambo ambalo sisi shuleni mara nyingi tunalikosea. Tunamwita mwonevu na mwonewa pamoja, "peaneni mkono." Yule mdogo anapeana mkono kwa sababu mwalimu anamtazama, wakitoka mlangoni anaambiwa "umeniripoti eh?" Niliwahi kufanya hivyo na bado najuta. Waoneni kila mmoja peke yake.

Wazazi, mkija shuleni njooni na karatasi: skrinshoti zimechapwa, zimepangwa kwa tarehe, na barua fupi yenye nakala yako. Malalamiko ya mdomo husahaulika mpaka mwisho wa muhula, nasema haya nikijua upungufu wetu.

Halafu wale watazamaji. Ufini wana mpango unaitwa KiVa, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Turku na kusambazwa mashuleni tangu 2009. Kazi yake kubwa iko kwa wale wanaocheka pembeni: mwonevu anatafuta hadhira, ukiipunguza unampunguza na yeye. Wanafunzi wachache hupewa kazi ya kukaa karibu na aliyeonewa.

Kijana wa Juzi

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 20, niliyapitia nikiwa na 14.

Mwalimu anasema kweli. Kati ya watu 38 kwenye grupu, mmoja alinitumia meseji pembeni: "oya, mimi nimetoka kule, wanaboa." Basi. Hatukuwa hata marafiki. Hakunitetea mbele ya watu, na sikutaka anitetee. Ila nilijua sasa wamebaki 37.

Na Mama Wawili, ule mcheko wa binti yako naujua. Unacheka ili wasijue wamekupata. Usimuulize kwa nini alikuwa anacheka.

Mama Wawili

Nimechelewa kurudi, samahanini. Simu nilimrudishia. Tumekubaliana kitu kimoja, nimekiandika na kusaini kama mkataba: akiniletea jambo, sigusi simu mpaka tumeamua wote wawili. Grupu ametoka mwenyewe. Stika bado inazunguka, jana ilimfikia tena.

Jioni tulisoma uzi huu pamoja. Ya sauti yenye mdundo alicheka, kicheko chake kabisa. Alipofika kwa Kijana wa Juzi akanyamaza, akaisoma mara mbili, akasema niulize: sasa hivi anaendeleaje?

Kijana wa Juzi

Mwambie naendelea vizuri, niko chuo. Ila nisimdanganye, mpaka leo nikiona mtu kainua simu darasani huwa nageuka kwanza kuangalia inatazama wapi.