Nina miaka 71, mwarobaini umeangukia shambani: nichanje na kubeba vipi kuni hizi bila kuumia?

BabuMtongwe

Salaam aleikum jamaa zangu.

Niko Mtongwe, Mombasa, ng'ambo ya Likoni. Upepo wa kusi mwezi wa saba uliangusha mwarobaini mkubwa huku chini ya shamba langu, upande wa baharini. Mti huo aliupanda marehemu baba, na mimi nimekulia kivulini mwake. Kuuacha uoze pale siwezi. Vitawi vyembamba nimeshavimaliza kwa panga, vimekauka na vyatumika. Lililobaki ni shina lenyewe, ambalo likilala hivyo lanipita goti, na matawi matatu manene.

Niliingia bandarini 1979 kama kuli. Nimebeba kahawa ya magunia, kilo 60 gunia moja, na ukishalipokea begani hulitui mpaka ufike. Kwa hiyo mzigo naujua. Mgongo bado mzima, alhamdulillahi. Goti la kulia ndilo linaloniuma nikiteremka, na kila asubuhi nakunywa dawa ya presha.

Wako watakaoniuliza, kwani gesi hakuna? Ipo. Mwanangu ametununulia mtungi na meko, namuombea kheri, na chai twapikia hapo. Lakini mke wangu hupika mikate ya sinia ya kuuza, na mkate wa sinia wataka moto chini na moto juu. Sufuria hukaa juu ya mafiga, halafu juu ya mfuniko wa bati hutandazwa makaa, mkate ukafura na kugeuka rangi pande zote. Meko ya gesi yatoa moto chini tu. Kuni zetu zamhusu yeye kama zinavyonihusu mimi.

Sasa lililonileta. Wiki iliyopita nilinunua shoka jipya, muuzaji akaniapia mpini ni wa mti mkavu, mgumu. Pigo la nne kichwa kikachomoka. Kilipita hatua mbili tu kando ya mjukuu wangu wa miaka tisa, aliyekuwa ameinama akiokota vibanzi. Nilikaa pale pale juu ya gogo, mikono yanitetemeka, hata jina lake sikuweza kuliita. Mtoto hakuguswa. Usiku ule sikulala.

Mwanangu aliposikia akasema basi, Baba hashiki shoka tena, ataleta vijana wenye msumeno wa mashine wamalize kwa siku moja. Najua asema kwa mapenzi. Lakini tangu nistaafu, kazi hii ndiyo inayonitoa kitandani baada ya swala ya alfajiri. Nikikaa barazani siku tatu mfululizo miguu yavimba na moyo wanisononeka.

Nataka kujua mambo matatu. Mpini wa shoka nitautambuaje ulio salama? Gogo nene lenye mafundo mtu wa umri wangu alichanje vipi? Na la tatu ndilo kubwa kwangu: kutoka mti ulipo hadi nyumbani ni hatua kama mia mbili, mchanga mtupu na mwinuko kidogo. Wilbaro lazama. Nikijitwika kichwani, goti lalia.

Kuna mtu pia huja na mtumbwi, anishawishi niachane na mwarobaini aniletee mikoko iliyokwisha katwa, kwa bei ya chini. Mwasemaje?

FundiJomvu

Aleikum salaam, shikamoo Mzee. Pole kwa mshtuko huo, na Mungu amlinde mjukuu.

Kichwa cha shoka kikichomoka, mara nyingi mpini uliwekwa ukiwa mbichi. Ulipokauka ukasinyaa, na kile kijikabari cha juu hakikushika tena. Ukinunua mwingine utazame kitakoni, pale mistari ya mti inapoonekana. Mistari iende sambamba na makali ya shoka. Ikikatisha kwa upande, mpini utavunjika siku moja tu. Halafu usipakwe rangi, maana rangi huficha ufa. Tena kuna wale wanaolichovya shoka kwenye ndoo ya maji usiku ili likaze. Mti huvimba, kweli, lakini ukikauka hulegea kuliko mwanzo. Usifanye hivyo. Kabla ya kuanza kila siku, shika mpini kichwa kiangalie chini, gonga kitako cha mpini kwa kipande cha mti mara mbili tatu, uone kama kichwa kinacheza.

Kwa shina, shoka si la kwanza. Tafuta msumeno mrefu wa mkono wa kukatia magogo, ukate vipande vifupi vya shubiri mbili. Kabla ya kukata, weka mawe pande zote mbili ili shina lisibingirike, na wewe usimame upande wa juu wa mteremko. Msumeno ukianza kubanwa usilazimishe. Gongomea kabari ya mti kwenye njia uliyokwisha kata, itafunguka, uendelee.

Kuchanja sasa. Usianzie katikati ya kipande kinene, wengi hujichosha hapo. Anzia pembeni, toa banzi kama unamenya, zunguka hivyo hivyo mpaka ubaki na moyo. Kwenye panda, mahali tawi linapoachana na shina, nyuzi zimesokotana. Usishindane nayo. Ifanye kigogo cha kuchanjia.

Na hili nalo litakufaa sana kwa goti na kwa mjukuu: tafuta tairi kuukuu la gari dogo, lilaze juu ya kigogo hicho, lipige misumari. Simamisha vipande ndani ya tairi, chanja ukilizunguka. Kuni zitapasuka zikiwa zimesimama humo humo, haziruki miguuni, na huinami kuokota kila kimoja. Kigogo kisizidi goti lako. Shoka likishuka, nawe kunja magoti kidogo, likikosea liishie kwenye mti na si kwenye muundi.

Mtoto akae hatua kumi nyuma yako, si mbele wala ubavuni.

MamaMikindani

Shikamoo Babu. Mimi nimebeba kuni tangu nikiwa msichana, na nakuambia hivi: mzigo unaokuumiza goti si kuni, ni maji. Mti uliokatwa mbichi karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Kwa nini uyabebe hatua mia mbili mchangani? Chanja pale pale mti ulipoangukia, panga pale pale, rudi kuzichukua zimekwisha kauka.

Lakini kupanga kuna namna. Laza miti miwili chini kwanza, kuni ziwe juu yake, zisiguse ardhi. Mwarobaini mchwa hawaupendi sana, ila unyevu wa chini ni unyevu tu. Acha nafasi upepo upite. Funika juu peke yake kwa bati au makuti, ubavuni pawe wazi. Watu hufunika rundo zima kwa nailoni, kuni zikaota ukungu kama mkate. Kaskazi ikiingia Desemba, jua kali na mvua haba, hapo ndipo zitakaa sawa. Utazijua zikikauka: vichwa vyake vina nyufa, na ukigonga mbili pamoja zinalia kwa! kwa! Mbichi hulia bubu. Na mkeo atashukuru macho yake, maana kuni mbichi ndiyo inayofukiza jiko zima.

Kila ukienda kuchukua, piga rundo kwa fimbo kwanza. Tandu na nge wanapenda mahali kama hapo.

Kuhusu huyo wa mtumbwi, tafadhali Babu usimpokee. Mikoko yote ni msitu wa serikali tangu 1932, haikatwi bila kibali cha Shirika la Misitu, na kesi itamkuta mnunuzi pia. Lakini hata sheria ikae kando. Wewe ni mtu wa Mtongwe, hori la Mwache, ule mkono wa bahari, liko hapo juu yako. Unakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998? Tope liliteremka kutoka bara likafunika mizizi ya mikoko ya Mwache, ikakosa pumzi, ikafa maeneo makubwa, mpaka miaka mingi baadaye ukipita unaona magongo matupu. Huku kwetu Mikindani tumepanda miche kwa mikono, tumezama tope mpaka mapajani. Mche mmoja unakaa miaka mingi kabla ya kufikia unene wa mkono. Halafu mtu aukate kwa dakika mbili auze kama kuni! Moto wake ni mzuri, sikatai, nimeupikia zamani. Lakini kaa na kamba wachanga wanakulia pale pale kwenye mizizi, na ukikata unawafukuza.

Nesi_Mstaafu

Shikamoo Mzee wangu. Sitakuambia uache. Kazi ya mikono kwa mtu wa umri wako ni kheri, ikifanywa kwa mpango.

Usizuie pumzi unapopiga au unapoinua. Ukibana pumzi presha hupanda ghafla. Toa pumzi shoka linaposhuka. Dawa nyingine za presha hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, na kwa joto la Mombasa na unyevu wake mtu hukauka haraka, akisimama anaona kizunguzungu. Waulize kliniki unayochukulia dawa kama yako ni ya aina hiyo. Dawa yenyewe usiiruke. Fanya kazi baada ya alfajiri, jua likiwaka acha. Dakika ishirini kazi, kisha kaa unywe maji.

Champali hapana. Viatu vigumu, na kitu cha kukinga macho. Ukijikata, hata kidogo, nenda uchomwe sindano ya pepopunda kama ya mwisho huikumbuki. Na kifua kikibana, au maumivu yakipanda mkononi au tayani, ukatoka jasho la baridi, weka shoka chini hapo hapo na upelekwe hospitali. Usiseme unangoja kipande hiki kiishe. Simu iwe mfukoni, si nyumbani.

Kijana_wa_Bamburi

Babu kwa heshima zote, mwanao yuko sawa. Vijana siku moja, kazi imekwisha, na Bibi anunuliwe oveni ya umeme.

BabuMtongwe

Ahsante mwanangu, nimekusikia. Bili ya umeme wa oveni kila siku ingekula faida ya mikate yote. Na vijana wale wakimaliza kwa siku moja, kesho yake mimi nifanye nini?

BabuMtongwe

Jamaa, nimerudi, ni wiki ya nne leo. Naandika kwa sababu mlinijibu kama watu wa nyumba moja.

Mpini nimechongesha mwingine, nikauchagua mwenyewe kwa kuitazama mistari kama alivyosema Fundi. Tairi nililipata kwa mtu wa pancha, hakutaka pesa. Wallahi sikuamini. Vipande vinne vyasimama ndani, nachanja, vyapasuka na kubaki vimekumbatiana mle mle kama maua. Nachukua kwa mikono miwili napeleka kwenye rundo bila kuinama. Goti halijalia hata siku moja kwa kuchanja. Mjukuu sasa ana kazi yake: apima shina kwa shubiri zangu alizoziwekea alama kwenye kijiti, achora kwa makaa mahali pa kukata, kisha arudi hatua kumi. Ahesabu kwa sauti.

Msumeno ndio wa taratibu. Kipande kimoja cha shina chanichukua asubuhi mbili. Sina haraka. Mwanangu alikuja Jumapili akiwa na uso wa kugomba, akasimama akatazama, kisha akavua shati akashika upande wa pili wa msumeno. Tulikata vipande vitatu siku ile. Hatukuzungumza juu ya vijana tena.

Kubeba nako nimepata njia, na hii naitoa mimi kwa wengine wenye mchanga. Nilikumbuka wavuvi wanavyovuta dau ufuoni. Nikalaza pongoo za mnazi, yaani vile vijiti vinene vya makuti, zikikatisha njia, hatua moja moja, pale penye mwinuko tu. Juu yake navuta bati kuukuu nililokunja mbele kama omo ya dau, kamba nimeipitisha kifuani kwa gunia lililokunjwa isinikate. Lateleza. Mahali pa tambarare natumia wilbaro, nimelipunguza upepo tairini, na nalivuta nyuma yangu badala ya kulisukuma. Halizami kama zamani. Zile zilizochanjwa mwezi huu sizileti kwa haraka, zimepangwa juu ya miti miwili, bati juu, ubavuni wazi, zingojee kaskazi.

Mtu wa mtumbwi alikuja tena. Nilimwambia sitaki, na nikamwambia kwa nini. Aliondoka kimya.

Nesi, dawa yangu kweli ni ya kutoa maji. Kliniki wamenibadilishia saa ya kuinywa.

Fundi, swali moja limebaki. Tupa yangu ya kunolea imekwisha meno, na shoka limeanza kuteleza juu ya gome. Ninunue tupa bapa au ya mviringo, na niiendeshe kuelekea makali au kutoka makalini?

FundiJomvu

Bapa, Mzee. Sukuma kuelekea makali, glavu mkononi, ukirudi inyanyue isiguse. Ukimaliza upande mmoja, hesabu ulipitisha mara ngapi, na upande wa pili upitishe mara hizo hizo.