Mmekata wimbo wa taifa kabla Tanzania haijatajwa, halafu mnasema muda umetubana!

Wanajamvi, na wana Dodoma wote, mbukwenyi.

Nimerudi toka saa kumi kwenye mahafali ya kidato cha nne ya binti yangu, hapa hapa mjini. Shule siitaji, maana najua si peke yake. Sasa ni usiku na hasira haijashuka, acha niandike.

Mgeni rasmi kaingia, MC katangaza tusimame kwa wimbo wa taifa. Nikakohoa kidogo, nikajiweka sawa niimbe. Kumbe tunapigiwa! Sipika mbili zikatoa kwaya ya kurekodiwa, na turubai zima likanyamaza: wazazi, walimu, wahitimu zaidi ya mia. Baba wa mbele yangu anajipiga selfi. Mama wa kulia anaongea na simu. Ubeti wa kwanza ulipoisha tu MC akabonyeza, kimya. "Tukae, muda umetubana."

Nikamuuliza jirani yangu, mbona ubeti wa pili haukupigwa? Akanitazama, na nakwambieni alikuwa anauliza kweli: "Kwani dada, kuna wa pili?"

Baadaye zilipigwa bongo fleva nne. Zote hadi mwisho.

Sasa nisikilizeni. Ubeti wa kwanza hautaji Tanzania. Hata mara moja! Unaomba Afrika ibarikiwe, viongozi wake, watu wake, watoto wake. Jina letu liko ubeti wa pili, pamoja na uhuru, na wake kwa waume na watoto. Ukibonyeza pale alipobonyeza yule MC, umewasimamisha Watanzania chini ya bendera ya Tanzania na nchi yao hujaitaja. Binti yangu kamaliza miaka minne, kaagwa rasmi, na nchi yake haikutajwa kwenye wimbo wake wenyewe.

Na ule mpangilio haukuja kwa bahati mbaya. Mwaka 1961 tulikuwa tumepata uhuru wetu, tungeweza kuanza na sisi. Tukaanza na wengine. Ni tabia ile ile ya Mtanzania ambaye tonge liko mkononi, anamwona mpita njia, anasema "karibu" kwanza ndipo ale. Wimbo wetu hauna damu, hauna jeshi, hauna jina la mtu yeyote, hata la Mwalimu. Ngao zinazotajwa ni hekima, umoja na amani. Wenzetu Wakenya wao ngao yao waliyoiomba ni haki, na ukiwaangalia wanavyodai mambo yao barabarani utaona wimbo wao unawajua. Wetu nao unatujua sisi. Au ulikuwa unatujua.

Sauti yenyewe tumeipata kwa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, aliyeitunga mwaka 1897 na kufariki 1905 bila kuona nchi hata moja ikiisimamia. Leo Zambia wanaimba kwa sauti hiyo hiyo maneno yao wenyewe, na Afrika Kusini imo ndani ya wimbo wao wa taifa.

Hapa lazima niseme habari ya Kongwa, wilaya ya huku huku Dodoma, kwa sababu mimi ni wa Kongwa. Pale pale Waingereza walipofeli na mradi wao wa karanga, miaka ya sitini serikali yetu iliwapa wapigania uhuru kambi. ANC wa Afrika Kusini walikuwepo, FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, watu wa Angola na Zimbabwe pia. Wengine wamezikwa huko huko. Babu yangu mzaa mama alikuwa kijana akichunga ng'ombe maeneo yale. Alikuwa akitusimulia kwamba jioni moja alisikia wale wageni wanaimba, maneno hakuelewa hata moja, lakini sauti aliijua. Akasimama na fimbo yake porini mpaka walipomaliza. Hakuna aliyemwamuru! Mchungaji wa ng'ombe, shule hakuisogelea, alisimama hadi mwisho kwa wimbo ulioimbwa kwa lugha ya watu. Sisi wenye vyeti tumeshindwa dakika mbili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ni Dodoma. Huku ni Ugogo jamani! Ardhi ya Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyeipeleka ilimba (ile marimba ya vidole) na zeze mpaka Ulaya. Akina mama wa huku wakipiga ngoma ya muheme utadhani ardhi inatetemeka, na watu wakianza kuimba kila mmoja anashika sauti yake bila kupangiwa na mwalimu yeyote. Watu wa namna hiyo unawapigia sipika? Wana upungufu gani wa koo?

Najua kuna atakayekuja kusema "mkuu, njaa ipo, maji ya mgao, wewe unalia na wimbo". Maji nayalilia pia, nimeshafungua nyuzi zake. Ila mwalimu anayeruka ubeti mbele ya wanafunzi anawafundisha kwamba cha wote kinaweza kukatwa, na cha burudani kisiguswe. Watoto wanaona. Pale mahafalini binti yangu alikuwa anachezesha midomo tu, nilimwona. Nilipomuuliza nyumbani ubeti wa pili unaanzaje, alianza vizuri, akakwama kwenye "dumisha". Kidato cha nne! Na mimi mama yake nina lawama yangu hapo, sijawahi kukaa naye tukauimba.

Tumeuimba leo, jikoni, mara tatu, na mdogo wake kaushika.

Huyo mdogo mahafali yake ya darasa la saba ni mwakani. Nitakwenda kwa mwalimu mkuu mapema kumwomba sipika izimwe, watoto waimbe wenyewe. Akikataa, MC atakapobonyeza mimi sitakaa. Nitaanza ubeti wa pili peke yangu kwa sauti niliyopewa, na mzazi wa Dodoma atakayekuwepo ukumbini naomba asiniache niumalize peke yangu.