Mkanda wa kichwani unaosoma mawimbi ya ubongo, unasaidia hasira kweli?

MgosiNgamiani: Wadau habari za jioni. Mi fundi pikipiki hapa Ngamiani, hasira zangu ziko karibu mno, mteja akisema tu "fundi umenizingua" nishaanza kufoka, na nyumbani watoto wakisikia geti wananyamaza wote. Sasa shemeji yangu yuko Uingereza anataka kuniletea mkanda wa kichwani, unavaa afu unaunganisha na simu, eti unasoma ubongo na kukufundisha kutulia, wanaita niurofidibaki. Nichangie hela au ndo napigwa?

binti_raskazone: mgosi mwambie alete hiyo hela taslimu 😂😂

fundi_umeme_TA: Kitu chenyewe kipo, si uchawi. Mawimbi ya ubongo wa binadamu alianza kuyarekodi Mjerumani Hans Berger mwaka 1924. Elektrodi zinagusa ngozi ya kichwa zinadaka umeme mdogo sana, programu inauchambua, mawimbi yanayotakiwa yakipanda (mara nyingi alfa, kama 8 mpaka 12 kwa sekunde) unasikia mlio mtamu au picha inang'aa, yakishuka inafifia, basi ubongo unafuata zawadi. Barry Sterman kule Marekani miaka ya 60 aliwafundisha hivyo paka, kwa chakula, na wakaelewa.
Shida sasa, alfa inapanda hata ukifumba macho tu! Na ukikaza taya au kukunja ndita, umeme wa misuli unafunika ule wa ubongo, kwahiyo mikanda hii ya kwenye paji unaweza kukuta inakufundisha kulegeza uso. Afu kuna majaribio watu wengine walipewa mrejesho feki bila kujua, kwa wasiopata usingizi na kwa watoto wenye ADHD (ile shida ya kushindwa kutulia na kuwa makini), wa feki nao wakapata nafuu karibu sawa na wenzao.

MgosiNgamiani: Kumbe changa la macho

fundi_umeme_TA: Sijasema hivyo mkuu. Wapo wanaotumia MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, mtu anaona amigdala yake, ile sehemu ya ubongo ya hofu na hisia, anajifunza kuiongoza, hiyo inatia moyo zaidi. Ila ndo mashine ya kujaza chumba, shemeji hawezi kuitia kwenye begi.

mama_wawili: Mi niko upande wa afya. Kaka yangu, hasira inakukuta spana iko mkononi na mteja kasimama mbele yako, hujavaa mkanda wala hujakaa kwenye kochi. Anza kuidaka mapema, taya likibana tu weka spana chini, vuta pumzi taratibu kama sita kwa dakika, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, na ufanye mazoezi ukiwa umetulia sio siku ya ugomvi. Hilo la watoto kunyamaza lakini si la mkanda. Nenda hospitali ya Bombo ukaongee na watu wa afya ya akili, na uwaambie unalalaje usiku, hilo watu wanalificha sana.

MgosiNgamiani: Usingizi ndo hamna kabisa dada. Hivi pale Bombo naanzia mapokezi au lazima niwe na barua?

mama_wawili: Anzia mapokezi, wambie unataka afya ya akili, wala usione haya. Na mkanda akiuleta vaa tu, ila hela usichange.

binti_raskazone: akiuleta niazime mi nna bosi 😅