Kubadilisha oili ya difu kwenye lori la zamani la kijeshi, M35A2

Swali

Salaam, wakuu. Nina lori la M35A2 lililotumika katika jeshi la Marekani, ambalo limekaa muda mrefu bila kutembea. Sijui oili iliyomo kwenye difu zake tatu (masanduku ya gia yaliyo katikati ya ekseli) ni ya lini wala ni ya aina gani, na nimeona unyevu wa oili upande wa ndani wa gurudumu moja la nyuma. Naomba mwongozo wa kuibadilisha, na pia kujua iwapo unyevu huo unamaanisha kwamba sili, yaani kizuizi cha oili isivuje, imekufa.

Jibu la 1

Ndugu, usimwage hata tone moja kabla ya kuhakikisha kwamba kizibo cha kujazia kinafunguka, kwa sababu ukianza na cha chini na cha juu kikakataa, utabaki na difu tupu usiyoweza kuijaza. Kikikwama, kisugue kwa brashi ya waya, kitie mafuta ya kulegeza kutu na ukiache usiku kucha. Liendeshe lori kidogo ili oili ipate moto, kisha uimwage mara moja kabla uchafu haujatulia chini.

Ichunguze kwa makini oili inayotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Uji laini wa kijivu ni ulaji wa kawaida wa gia, lakini ukihisi vipande vinavyokwaruza vidoleni, usijaze oili mpya kabla fundi hajakagua gia na beringi.

Jibu la 2

Kwa hali ya hewa ya wastani, oili ya gia yenye uzito wa 80W-90 na ya daraja la GL-5 inafaa kwa difu hizo. Usiichukulie kuwa inafaa pia kwenye giaboksi, kwani baadhi ya oili za GL-5 zina viambato vya salfa vinavyokula sehemu za shaba nyeusi zilizo kwenye giaboksi, oili hizo zikipata moto. Lori likiwa mahali tambarare, jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia, subiri itulie, kisha pima tena.

Jibu la 3

Kuhusu unyevu ule, tafadhali kagua kipumulio (kijitundu cha kupitishia hewa) kilicho juu ya ekseli kabla ya kuilaumu sili. Kikizibwa na tope au kutu, hewa inayotanuka kwa joto hukosa njia na kuisukuma oili ipite kwenye sili hadi kwenye breki. Na ekseli yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji ndani. Kitoe, kioshe kwa dizeli, ukipulize mpaka hewa ipite bila shida. Hata hivyo, ngoma ya gurudumu hilo ifunguliwe kabla lori halijaingia barabarani, kwa maana bitana za breki zikishalowa oili hazishiki tena na ni lazima zibadilishwe.