Msimu mzima wa mbio za VTT (baiskeli za milimani) hapa L'shi, Lubumbashi, na hakuna aliyehesabu mizunguko yetu

Wandugu, nimenyamaza tangu Mei. Sasa msimu umekwisha, mvua ya kwanza imenyesha, kinga yangu, yaani baiskeli, nimeiosha na kuitundika ukutani, lakini hasira haijanitoka. Leo nasema.

Mashindano matano, dola 15 kila moja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na dola 75 nyumbani kwangu ni magunia ya makala (mkaa) na unga wa bukali (ugali). Nimezilipa zote, tena mapema. Nilichotaka ni kimoja tu: nikimaliza mizunguko sita, iandikwe sita.

Shindano la tatu lilikuwa Julai, upande wa Kasapa. Vumbi letu la Julai mnalijua. Mvua ilikatika tangu Aprili, njia imekuwa unga mwekundu, ukimfuata mwenzako kwa karibu humwoni. Namba walizotupa zilikuwa karatasi tupu, zimefungwa kwa waya mbele ya usukani. Kufika mzunguko wa pili hakuna hata moja iliyosomeka. Kijana wa kuhesabu alikaa kwenye kreti ya bia, kipande cha boksi mapajani, biki mkononi, anachora vijiti. Tukipita watatu kwa mkupuo anainua kichwa na kuuliza, "Wewe namba ngapi?" Tumeshapita! Kila mzunguko nilipiga kelele "ishirini na saba!" na koo limejaa vumbi. Yeye simlaumu. Walimwacha pale peke yake tangu asubuhi, hata chupa ya maji hawakumpa. Nawalaumu waliomweka.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu, kwenye WhatsApp. Mimi: mizunguko mitano. Saa yangu inaonyesha sita, kilomita 28 na kitu. Nikawatumia picha. Jibu: "Tunafuata karatasi." Nikaomba niione hiyo karatasi. Mpaka leo sijaiona. Kwa mzunguko huo mmoja nilitoka nafasi ya 4 nikaangukia ya 13, na pointi zangu za msimu zikafia hapo.

Kuna watakaoniambia huu ni mchezo wa ridhaa, nivumilie. Sivumilii. Mbio hizi ziko Olimpiki tangu Atlanta 1996, na mchezo wenyewe ndio huo: kuzunguka njia ileile na kuhesabiwa. Paris 2024 Tom Pidcock wa Uingereza tairi lilimtoboka, akabadilishiwa gurudumu kwenye eneo la mafundi, akakimbiza, akampita Mfaransa Victor Koretzky mzunguko wa mwisho na kuchukua dhahabu. Wangekuwa wanahesabu kwa vijiti kwenye boksi, nani angejua nani kashinda? Na shaba ya siku ile ilichukuliwa na Alan Hatherly wa Afrika Kusini, ambaye mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia. Ni nchi ambayo malori yake tunayaona kila siku yakiingia mpakani Kasumbalesa. Si mbali hivyo.

Lakini lililonifanya nifungue uzi huu ni la Septemba.

Wanawake waliondoka wa mwisho, dakika ishirini baada yetu. Tulipomaliza wanaume, wakagawa vikombe, wakapiga picha, na vijana wakatumwa kukunja utepe wa njia. Wanawake wawili walikuwa bado porini! Mmoja ni wa klabu yetu, binti wa miaka 19. Tairi lilikuwa limemtoboka, anasukuma kwa miguu. Akafika kwenye kile kichuguu kikubwa ambapo njia inagawanyika. Utepe hakuna, mtu hakuna. Akachukua njia isiyo yake.

Waliomrudisha ni wauza makala, wale wanaosukuma kinga zenye magunia marefu kuliko wao. Mmoja aliuegemeza mzigo wake kwenye mti, akamwachia mwenzake aulinde, akatembea na binti karibu saa nzima. Walipofika uwanja ulikuwa mtupu. Nilikuwepo mimi na kaka yake tu. Binti hakulia. Aliuliza, "Nimekuwa wa ngapi?" Nikakosa la kumjibu.

Mtu akiachwa mbali, kanuni ipo: akiwa nyuma ya anayeongoza kwa zaidi ya asilimia 80 ya muda wa mzunguko wa kwanza wa huyo anayeongoza, anasimamishwa, anatolewa njiani, na bado nafasi yake inaandikwa. Anaambiwa usoni. Haachwi msituni huku watu wanapanda magari kurudi mjini. Kwenye matokeo ya Septemba jina lake halimo kabisa, kama vile hakuja, na dola zake 15 mnazo.

Kwa hiyo waandaaji, mnasoma humu, najua. Nataka karatasi ya Julai iwekwe hapa, hata kama ni kipande cha boksi. Nataka binti yule aandikwe kwenye matokeo ya Septemba na aombwe radhi, yeye na wazazi wake. Na wenzangu wenye video za Julai pale kwenye mstari, ziwekeni hapa chini. Namba yangu ni 27. Yake ni 41.