Camaro Z28 imevunja difu: niweke 12-bolti, Ford inchi 9 au Dana 60?

mwana_wa_Pongwe (Dallas)

Wakuu salaam. Gari yangu ni Camaro Z28 ya mwaka 2000, injini LS1, gia za mkono spidi sita. Nimeshabadilisha kemshafti na egzosi, inapiga robo maili kwa sekunde 11.8 na inavuka mstari ikiwa kwenye maili 115 hivi kwa saa. Jumamosi tulikuwa Ennis pale Texas Motorplex, uwanja wa mbio za dragi, njia ya pale ni zege na imemwagiwa gundi mpaka kiatu kinanata, nimepasha matairi vizuri, taa ya kijani imewaka nikaachia klachi injini ikiwa kwenye mizunguko 5000 kwa dakika, nyuma ikarukaruka halafu kah! injini inalia gari haiendi. Leo nimefungua kifuniko cha difu, oili imetoka inang'aa vumbi la chuma, sumaku imeota ndevu, meno ya kraunwili (gia kubwa ya difu) yamekatika manne yaliyofuatana na ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha) yamelika upande mmoja. Ekseli zimepona.

Difu ni ileile ya kiwandani, 10-bolti (jina ni idadi ya bolti za kifuniko) yenye kraunwili ya inchi 7.625, ratio 3.42 (shafti inazunguka mara 3.42 gurudumu likizunguka mara moja), ina Torsen, yaani LSD inayofanya magurudumu yote mawili yasukume. Sasa gari hii ndiyo ninayoendea kazini kila siku, barabara kuu I-35 kwenda na kurudi, kwa hiyo sitaki difu inayolia njia nzima. Lakini pia nataka nishuke chini ya sekunde 11, na nataka ninunue mara moja basi. Watu wananiambia 12-bolti, wengine Ford inchi 9, wengine Dana 60, kuna aliyesema tafuta nyingine skrepa kwa dola mia chache uvalishe kifuniko kigumu uendelee. Mnanishauri nini, na gia nichukue 3.73 au 4.10?

fundi_gia (Minneapolis)

Pole sana mkuu, ila hiyo difu imekufa kifo chake cha kawaida. Hizo 10-bolti za Camaro za 1998 mpaka 2002 zikikutana na klachi na tairi la kunata hazidumu. Kraunwili ni ndogo, nyembamba, na kesi yake inajipinda ukiipa pigo, sasa ikijipinda kraunwili inakimbia pinioni, meno yanashikana kwa ncha tu badala ya kushikana kwa tumbo, ndo maana yakakatika manne ya mfululizo. Kifuniko kigumu kinasaidia kushikilia kofia za beringi lakini hakiongezi unene wa jino. Achana na skrepa kabisa, utarudi hapahapa.

Halafu kitu ambacho watu wengi hawakiangalii, difu huichagui kwa nguvu za farasi, unaichagua kwa tairi na jinsi unavyoondoka. LS1 ya Z28 ilitoka kiwandani na torki ya futi-pauni 335, gia ya kwanza ya giaboksi yako ni 2.66, zidisha na 3.42 unapata kama 3,050 kwenye ekseli, na hiyo ni injini ambayo haijaguswa. Tairi la kawaida linateleza kabla hiyo yote haijafika chini, kwa hiyo difu inapona. Tairi la dragi halitelezi, na ukiachia klachi kwenye 5000 unaongeza na uzito wa flaiwili inayozunguka, lile pigo la nusu sekunde ndo linaua. Mwenye otomatiki na nguvu zilezile anaweza kukaa na 10-bolti muda mrefu kwa sababu konveta inalainisha lile pigo, wewe wa klachi hapana.

Kwa matumizi yako mimi ningeweka 12-bolti mpya kamili, Moser au Strange, wanatengeneza hausingi maalumu za Camaro yako zenye pa kufungia mkono wa torki (chuma kirefu kinachozuia difu isijipinde), unafunga kwa bolti tu hukati kitu. Kraunwili yake ni inchi 8.875, inakaa kimya, na haili nguvu nyingi.

Otieno_LS (Atlanta)

Fundi nakuheshimu lakini kwa mtu anayesema anataka kununua mara moja, Ford inchi 9 ndiyo jibu. Ford walianza kuitumia 1957 na mpaka leo bado wanaofukuza sekunde wanaikimbilia, kuna sababu. Pinioni yake imeshikwa na beringi huku na huku, ile ya tatu iko kwenye ncha kabisa, kwa hiyo haina pa kukimbilia. Na mbele yote inatoka nzima, unafungua nati unavuta kichwa kizima na gia zake unaweka kingine, yaani unaweza kuwa na kichwa cha barabarani na kichwa cha uwanjani, ukabadilisha kwenye gereji yako mwenyewe na jeki mbili. 12-bolti ukitaka kubadilisha gia unalala chini ya gari na shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi ya gia) na geji ya daili. Pia 12-bolti kesi ya ndani inayobeba kraunwili ya 3.73 siyo kesi ya 4.10, ukihama itabidi ununue kesi nyingine au gia nene. Inchi 9 haina hiyo shida, 3.50, 3.70, 3.89, 4.11, zote zinaingia palepale.

fundi_gia (Minneapolis)

Hayo yote ni kweli Otieno. Lakini ile pinioni ya inchi 9 imekaa chini sana ya katikati ya kraunwili, ndo inaipa nguvu maana meno mengi yanashikana, na hapohapo ndo inasuguana zaidi, inapata joto na kula nguvu kidogo ya injini. Kwenye robo maili hutaiona sana. Kwenye I-35 kila siku asubuhi na jioni utaiona kwenye petroli, na nyingi zina mlio. Dana 60 ndiyo ya katikati, kraunwili inchi 9.75, haivunjiki kirahisi na haisuguani kama inchi 9, ila ni nzito na uzito huo unakaa nyuma bila springi, barabara ikiwa na mashimo utausikia mgongoni. Kama angekuwa anaelekea sekunde 9 ningemwambia Dana bila kufikiri.

baharia_JZ (Mombasa)

Wakubwa shikamooni. Mimi niko na Toyota Mark II hapa Mombasa, vijana wengi huku tunachomelea difu tu, spaida zinafungwa kwa weldi, magurudumu yote mawili yanasukuma, na hugharamiki. Huko Marekani hiyo haiwezekani?

fundi_gia (Minneapolis)

Marahaba kijana. Kuchomelea kunafanya kazi kwa drifti, na kwa gari la uwanjani tu watu wanaweka spuli ambayo kimsingi ni jambo hilohilo lakini imetengenezwa kwa chuma kimoja kizuri. Shida ni gari la kila siku. Kona za kawaida gurudumu la nje linatakiwa kukimbia kuliko la ndani, ukizifunga pamoja tairi moja linaburuzwa kila kona, ekseli inajisokota kila kona, na siku ya mvua kwenye barabara ya mzunguko nyuma inaweza kukutangulia. Weldi nayo ikipasuka vipande vinaangukia kwenye gia. Tena sheria za NHRA, chama kinachosimamia mbio za dragi Marekani, ziko wazi, difu iliyofungwa inataka ekseli imara zisizo za kiwandani na kishikio cha ekseli hata kama gari lako ni la polepole.

Na mwana wa Pongwe hili linakuhusu pia. Ekseli zako za kiwandani zimeshikwa na si-klipu (kipande kidogo chenye umbo la C) ndani ya difu, ekseli ikikatika gurudumu linatoka nje na sehemu yake, hakuna kingine kinacholizuia. Ndo maana NHRA kwa gari kama lako linaloenda sekunde 10.99 au chini wanataka ekseli imara na kishikio cha mwisho wa hausingi. Agiza difu mpya hivyo tangu mwanzo, mwambie muuzaji hutaki si-klipu. Na usisahau kwamba kuanzia sekunde 11.49 kushuka chini wanadai rolba (bomba la chuma la kukukinga gari likipinduka), maana ukishaweka difu nzuri muda utashuka halafu wakukatalie getini.

mwana_wa_Pongwe (Dallas)

Asanteni sana, mmenifungua macho. Naelekea kwenye 12-bolti isiyo na si-klipu. Sasa LSD gani, na gia? 4.10 si itaniua barabara kuu?

Otieno_LS (Atlanta)

Sawa, 12-bolti nimekubali kwa sababu ya hiyo safari yako ya kila siku. Gia usiogope, una spidi sita na ya sita ni 0.50. Hesabu ni maili kwa saa mara ratio ya difu mara ratio ya gia uliyopo mara 336 gawanya kipenyo cha tairi kwa inchi. Kwa tairi lako la inchi 26, maili 75 gia ya sita na 4.10 injini iko karibu 1,990 tu, na hiyo 3.42 yako ilikuwa 1,660, tofauti ni ndogo. Uwanjani unamaliza kwenye gia ya nne ambayo ni moja kwa moja, kwa maili 115 na 3.42 ulikuwa unavuka mstari kwenye 5,080, kemshafti yako haijaanza hata kuimba, na 4.10 utavuka kwenye 6,090. Ukiongeza kasi ukakaribia 124 utapita 6,500, hapo hamia tairi la inchi 28, lile la 275/60 ringi 15, unarudi 6,100. Ila pima kwanza, ringi za 15 huwa zinagusa kaliper za nyuma za LS1.

fundi_gia (Minneapolis)

4.10 naiunga mkono. LSD chukua Eaton Truetrac, ni ya gia tupu haina klachi za kuchakaa, kimya kabisa. Detroit Locker ni ngumu zaidi lakini inagonga kila ukikata kona polepole kwenye maegesho, na wewe unakaa na hii gari kila siku.

Kabla hujaifunga, kamata ule mruko wa nyuma. Gari likirukaruka wakati wa kuondoka, tairi linashika linaachia linashika, na kila linaposhika ni nyundo kwenye meno, hata 12-bolti itachoka. Bushi za mikono ya chini za kiwandani ni laini, badilisha mikono yote miwili, na mkono wa torki uangalie bushi yake ya mbele. ABS nayo, ulizia kama difu mpya inakuja na pete za sensa zake kabla hujalipa.

Ikija imeshafungwa gia bado tazama muundo wa meno kwa rangi ya kupimia, alama ikae katikati ya jino, na uchezaji wa kraunwili uwe ndani ya kipimo walichoandika kwenye karatasi yao, kwa kawaida ni sehemu 6 mpaka 10 za elfu moja za inchi. Kisha endesha dakika ishirini hivi bila kukanyaga, simamisha ipoe kabisa hadi ukiigusa kwa mkono haikuchomi, rudia mara kadhaa. Maili 500 za kwanza usiende Ennis kabisa, halafu mwaga oili yote uweke mpya. Oili ya kwanza itatoka na unga mwembamba wa chuma, huo ni wa kawaida, ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha tuma picha hapa kabla hujawasha gari.

mwana_wa_Pongwe (Dallas)

Mikono ya chini naagiza leo. Kompyuta nayo itabidi iandikwe upya kwa ajili ya 4.10, si ndiyo? Spidomita itadanganya.

Otieno_LS (Atlanta)

Ndiyo, spidi inasomwa kwenye giaboksi, kwa hiyo bila kuandika upya itakuonyesha kasi kubwa kuliko unayoenda kweli. Mwenye HP Tuners, programu ya kurekebisha kompyuta ya gari, anamaliza hapohapo, mpe ratio na kipenyo cha tairi, na ukihamia inchi 28 arekebishe tena.