Eti "jicho lako ndilo limekaa vibaya"! Nimetoka kupimwa lensi za kuvaa jichoni, nina hasira

Wakuu, salamu baadaye. Naandika hapa jicho la kulia limevimba kama andazi, la kushoto ndilo linasoma simu. Natoka pale. Mnapajua, vioo kila upande, kiyoyozi cha kugandishia samaki, na yule bwana wa koti jeupe. Jina silitaji, kila mvaa miwani mji huu ameshapita mikononi mwake.

Mdogo wangu ana sendofu Jumamosi. Mimi miwani nimevaa tangu kidato cha pili, -6.50 macho yote, vioo kama kitako cha chupa ya soda. Nikasema siku hiyo moja tu watu wauone uso wangu. Nikalipa kwanza, nikakaa foleni masaa matatu.

Jamaa hakupima KITU. Kanivua miwani, kaisomesha kwenye mashine, kachomoa boksi kabatini. Namuuliza, kaka, hunipimi macho? Ananijibu miwani imeshasema yote.

Lensi ya kwanza ikaruka. Ya pili ikapanda chini ya kope ikajificha huko, akaitafuta kwa kidole kama anayesaka shilingi kwenye kochi. Ya tatu ikadondokea kaunta. Akaiokota, akaenda sinki, AKAFUNGUA BOMBA, akaisuuza kama kikombe cha kahawa, akarudi nayo inachuruzika. Nikarudisha kichwa nyuma. Hapo ndipo, mbele ya watu wasiopungua kumi, aliponiambia: "Dada, lensi haina shida. Jicho lako ndilo limekaa vibaya."

LIMEKAA VIBAYA! Jicho la Mungu hili! Limekaa vibaya kama kabati, lisogezwe wapi? Lipelekwe karibu na sikio?

Kulikuwa na mtoto wa shule pale, akacheka. Mama yake akamfinya, halafu naye akacheka. Kudai hela yangu, eti boksi limeshafunguliwa. Kwani limefunguliwa na nani?

Kwenye daladala konda ananiambia "dada kaa vizuri", nilitaka kumng'ata. Limekaa vibaya! Miaka yote hii naona nalo!

Chai_Maharage: Uzi bila picha ya jicho hatuwezi kutoa hukumu. Weka tuone limekaaje.

Mama Pacha: Pole mwaya. Mimi pale pale niliambiwa pua yangu haishiki fremu. Nikamwambia imeshika mafua miaka arobaini, itashindwa na fremu?

Fundi_Macho: Dada pole, hiyo ndiyo kazi yangu. Namba ya miwani haihamishwi ilivyo. Miwani inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lensi inalala juu ya konea yenyewe, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kwa hiyo ukivuka -4.00 hesabu inapigwa upya. -6.50 yako inashuka kwenye -6.00 hivi. Halafu konea inapimwa mkunjo wake kwa mashine, ili ichaguliwe lensi yenye mkunjo unaoifaa, ndiyo zile 8.4 au 8.6 unazoziona kwenye boksi. Lensi ikiwa bapa kuliko jicho lazima itembee, ndiyo maana ilikupandia. Unatakiwa uvalishwe ya majaribio, ukae nayo kama robo saa, mtu aangalie inavyocheza ukipepesa. Na maji ya bomba HAPANA. Kuna amiba anaitwa Acanthamoeba, akiingia kwenye konea anaweza kukuacha kipofu. Lensi husafishwa kwa dawa yake tu. Jicho kama bado linauma, jekundu, au mwanga unalichoma, nenda hospitali leo leo.

Chai_Maharage: Kwa hiyo daktari, kwa kifupi, limekaa vizuri au vibaya?

Mwenye uzi: LIMEKAA VIZURI! Si umesoma? Lensi ndiyo haikunienea! Hospitali ndiyo niko njiani, ila huyu mtu aliniambia mbele ya mtoto wa shule!

Mzee wa Kivuko: Mabinti wa siku hizi nanyi. Si uende na miwani yako, kwani sendofu ni yako?

Mama Pacha: Mzee tulia. Wifi yangu alinunua zile za rangi, za kijani, bila kupimwa popote. Siku ya harusi tumempiga picha usiku, bibi harusi chui mtupu. Wiki nzima anatokwa machozi, wakwe wanadhani kachukia ndoa.

Shona_Nishone: Afadhali nyie macho yanapona. Mimi fundi nguo kanikatia kitenge cha sendofu, mkono mmoja umefika kiwiko, mwingine umefika kwenye vidole. Namuuliza, ananiambia nina mikono isiyolingana.

Chai_Maharage: Huyo na wa macho watakuwa ndugu.

Mwenye uzi: Jamani turudini kwenye jicho. "Limekaa vibaya", mtu mzima anakwambia hivyo umeshamlipa!

Mama Pacha: @Shona_Nishone huyo fundi si yule wa karibu na stendi, mwenye cherehani mbili? Ana gauni langu tangu Pasaka.

Shona_Nishone: Huyo huyo! La kwako rangi gani? Kuna moja la zambarau nimeliona jana mkewe kalivaa.

Mama Pacha: La zambarau. Nakuja na bodaboda sasa hivi.